Kabla Askari Hajapanda Meli ya Kisiwani

Kila ninapoombwa ushauri kuhusu afya ya askari wanaopangiwa kisiwa cha mbali, makamanda hutaka kujua vifaa gani vinunuliwe, nami huwauliza mgonjwa atachukua saa ngapi kumfikia daktari wa upasuaji siku ambayo bahari imechafuka na helikopta haiwezi kuruka. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua karibu mambo yote mengine.

Chukua uvimbe wa kidole tumbo, ambao humpata hata kijana mwenye mwili imara na ambao hakuna kipimo cha kuubashiri. Mwaka 1961 Leonid Rogozov, daktari pekee katika kituo cha Kisovieti cha Novolazarevskaya huko Antaktika, alilazimika kujipasua mwenyewe kwa ganzi ya sindano, huku wenzake wasio na taaluma ya udaktari wakimshikia kioo na kumpa vifaa. Katika makazi ya Villa Las Estrellas, yaliyo kwenye kituo cha jeshi la Chile katika kisiwa cha King George, waliokwenda kuishi kwa muda mrefu walitakiwa kuondolewa kidole tumbo kabla ya safari. Kwa kituo ambacho mgonjwa anaweza kuhamishwa ndani ya siku moja au mbili, naona sharti hilo limepita kiasi, kwa sababu upasuaji nao una hatari zake na antibiotiki za mshipani humwezesha mgonjwa kusubiri. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, takriban wagonjwa 3 katika 10 waliotibiwa kwa antibiotiki ndio waliopasuliwa ndani ya siku 90.

Meno hayapewi uzito yanaostahili. Askari mwenye jino ambalo daktari anatarajia lilete maumivu makali ndani ya miezi 12 hafai kuondoka kabla ya kutibiwa, hata kama leo hasikii chochote, kwani tabibu wa kisiwani mara nyingi ataweza tu kuliziba kwa muda kwa dawa ya unga wa zinki na mafuta ya karafuu.

Damu ni ngumu zaidi. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu hadi siku 42, na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku chache tu, kwa hiyo kituo kinachofikiwa na meli mara moja kwa mwezi hakiwezi kuzitegemea akiba hizo pekee. Njia inayofaa ni askari wenyewe kuwa benki ya damu: walio wa kundi O, ambao kingamwili zao dhidi ya makundi mengine zimepimwa na kuonekana ni chache, huorodheshwa mapema, kisha damu yao hutolewa pale majeruhi anapoihitaji. Katika zoezi moja la usiku nililolisimamia, wachangiaji wawili wa kwanza kwenye orodha walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani wiki kadhaa nyuma na hakuna aliyefuta majina yao. Wa tatu alikuwa doria upande wa pili wa kisiwa. Mifuko, sindano na vipimo vyote vilikuwepo, lakini dakika zilipotea kwa karatasi moja. Tangu siku hiyo nataka orodha ihakikiwe kila meli inapotia nanga.

Hata hivyo, fedha zikiwa chache, mimi huanza na tabibu kabla ya mashine. Simu ya satelaiti hukatika, basi namfundisha kutoa taarifa kwa mpangilio usiobadilika: mapigo ya moyo, shinikizo la damu, pumzi, joto, dawa alizotoa na saa alizozitoa, vyote vikiwa vimeandikwa kabla hajabonyeza namba, ili hata mawasiliano yakikatika baada ya dakika moja niwe na cha kufanyia kazi.

Upweke na kukosa usingizi huwaletea askari hao shida zaidi ya majeraha, nao humwendea tabibu huyo huyo, ambaye naye hana wa kumwendea. Kwa hiyo mimi humpigia tabibu huyo kila wiki, hata kama hana mgonjwa, na swali langu la kwanza huwa amelala kwa muda wa saa ngapi.