Uhusiano wa chuo kikuu na utumwa hauishii kwenye kumiliki watu

Kila chuo kikuu cha Uingereza au Marekani kinapotoa ripoti kuhusu utumwa katika historia yake, mjadala hukimbilia swali moja: je, chuo kilimiliki watumwa? Jibu likiwa hapana, wengi huona mambo yamekwisha. Swali ni halali, ila ni dogo mno kwa kazi inayofanywa, na ndilo linalofanya ripoti hizi zisomwe vibaya.

Maana yenyewe ni fupi. Chuo kina uhusiano wa kihistoria na utumwa pale nyaraka zinapothibitisha kwamba kazi ya watu waliotiwa utumwani, au fedha iliyotokana na kazi hiyo au na kuuzwa kwao, ilisaidia kukijenga au kukiendesha.

Ugumu unaanzia kwenye aina za uhusiano huo. Tazama Georgetown, Marekani. Mwaka 1838 Wajesuiti (shirika la watawa wa Kikatoliki) wa Maryland, ambao ndio walioendesha chuo hicho, walikubaliana kuuza watu 272 kwa dola 115,000, wapelekwe kwenye mashamba ya Louisiana. Thomas Mulledy aliyeongoza mauzo hayo aliwahi kuwa rais wa chuo. Sehemu ya malipo ya kwanza ililipa madeni ya chuo. Hapo umiliki, mauzo na faida vyote vipo, na kila kimoja kina hati yake.

Sasa tazama Glasgow, Uskoti. Ripoti yake ya mwaka 2018 haikukuta kwamba chuo kilimiliki watu. Kinyume chake, mwaka 1792 kilipeleka bungeni ombi la kupinga biashara ya watumwa, na mwaka 1837 kilimpa shahada ya udaktari wa tiba James McCune Smith, aliyezaliwa utumwani New York, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya aina hiyo. Chuo hichohicho kilipokea wakfu, misaada ya wanafunzi na michango kutoka kwa matajiri ambao mali yao, yote au sehemu, ilitoka kwenye mashamba ya watumwa. Ripoti ilikadiria thamani ya fedha hizo kwa viwango vya leo kuwa kati ya pauni milioni 16.7 na milioni 198. Msimamo wa chuo na chanzo cha fedha zake vilikwenda njia mbili tofauti, na mtafiti anatakiwa kuviandika vyote viwili bila kimoja kufuta kingine.

Kuna pia uhusiano wa hatua ya mbali zaidi. Pamba iliyolimwa na watumwa kusini mwa Marekani ilifumwa Massachusetts, na sehemu ya nguo hizo ilifika Unguja, ndiyo merikani tunayoijua. Abbott Lawrence, tajiri wa viwanda vya nguo vya Massachusetts, aliipa Harvard dola 50,000 mwaka 1847. Utajiri wake ulitoka kiwandani, na kiwanda kilitegemea pamba ile. Huu ni uhusiano, lakini haufai kuwekwa safu moja na wa Isaac Royall, ambaye wosia wake ulianzisha nafasi ya kwanza ya profesa wa sheria Harvard. Familia ya Royall ilikuwa na shamba la miwa Antigua na ilimiliki watu moja kwa moja.

Kosa jingine ni kuchanganya biashara ya watumwa na utumwa wenyewe. Utasikia kwamba chuo fulani kilipokea mchango baada ya 1807, kwa hiyo kiko salama. Mwaka 1807 Uingereza ilipiga marufuku biashara. Sheria ya kufuta utumwa katika makoloni yake mengi ilipitishwa mwaka 1833, ikaanza kazi 1834, na wengi walibaki wakifanyishwa kazi kwa jina la uanagenzi hadi 1838. Sisi wa pwani tusingepaswa kuhitaji maelezo hapa: soko la Unguja lilifungwa 1873, utumwa ukafutwa kisheria 1897, na pwani ya Kenya ikasubiri hadi 1907. Tena utajiri haufi siku sheria inapopita. Hurithiwa, na mrithi anaweza kuutoa miaka 40 baadaye kujengea maktaba.

Ndiyo maana utafiti mzuri huanzia kwenye madaftari ya hazina ya chuo. Barua za maprofesa hueleza maoni yao; daftari huonyesha nani alitoa kiasi gani, lini, kwa ajili gani. Kutoka hapo hutengenezwa orodha ya waliotoa, kisha kila jina hufuatiliwa kwenye wosia, hati za mirathi na kumbukumbu za fidia. Sheria ile ya 1833 ilitenga pauni milioni 20 kuwalipa wamiliki, huku waliofanyishwa kazi wasipate kitu. Malipo hayo yaliacha kumbukumbu za maelfu ya madai, ambazo University College London imeziweka kwenye hifadhidata iliyo wazi kwa wote.

Hapa ndipo wengi huteleza. Jina kuonekana kwenye kumbukumbu za fidia halitoshi. Mtu anaweza kuwa mmiliki, au mdai aliyeshika shamba kwa rehani, au mdhamini, au msimamizi wa mirathi aliyepokea fedha kwa niaba ya watoto wa mwingine. Mdhamini huenda hakubaki na hata shilingi moja. Majina pia hugongana: Uskoti ya wakati huo ilijaa akina John Campbell, kwa hiyo anuani, mke na tarehe ya kifo lazima vilingane kabla ya kuandika lolote. Mali iliyopita kwa wanawake hupotea machoni kwa sababu jina la ukoo hubadilika kwa ndoa.

Kiasi nacho kina mitego. Fedha ya zamani ukiipima kwa bei za bidhaa hupata namba ndogo. Ukiipima kwa mishahara au kwa ukubwa wa uchumi, namba hupanda mara nyingi. Anayetaja ile milioni 198 peke yake, au ile 16.7 peke yake, anaficha nusu ya jibu.

Kwa hiyo anayeandika kwamba Glasgow ilimiliki watumwa, tunamwomba aandike kwamba ilipokea fedha za watu waliotajirika kwa utumwa. Na anayesema Georgetown "ilikuwa na uhusiano" na utumwa, hajakosea, ila kauli hiyo ni laini mno pale: waliokiendesha chuo walimiliki watu, wakawauza, na sehemu ya bei yao ikalipa madeni ya chuo.