Elimu ya gerezani humtegemea askari wa zamu

Wageni wanaotembelea shule zetu za magereza hapa Kenya huuliza kwanza habari za vitabu na walimu. Vitabu ni haba, kweli. Walimu tunao: wengine ni maofisa, wengine ni wafungwa waliokuwa wakifundisha huko uraiani. Ningeomba waulize pia habari za askari aliye zamu asubuhi hiyo.

Yeye ndiye anayefungua wadi. Hesabu ya wafungwa isipolingana hatoki mtu, na kipindi cha hisabati kimekwenda na maji. Ikilingana, bado askari anaweza kumpeleka mwanafunzi shambani badala ya darasani. Aliyefunzwa kulinda ukuta tu huona darasa ni wafungwa waliokaa bure.

Karakana ya useremala inalionyesha hili waziwazi. Ukutani pana ubao uliochorwa umbo la kila kifaa: patasi, randa, msumeno, nyundo. Kifaa kisiporudi, umbo lake hubaki tupu na watu wote hupekuliwa. Askari asiyejua ufundi humsimamia kichwani kila mwenye patasi mpaka mkono wa mwanafunzi unatetemeka, na kiungo cha mbao kinaharibika. Askari fundi anajua patasi ile ina kazi gani saa hiyo, naye husogea kando akiwa bado anaangalia.

Kanuni za Nelson Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinadai mafunzo ya askari na elimu ya wafungwa pia. Ya 75 inataka watumishi wafunzwe kabla ya kuanza kazi na wakiwa kazini. Ya 104 inataka elimu iwe ya lazima kwa vijana na kwa wafungwa wasiojua kusoma. Kwangu mimi hizo ni kanuni moja.

Gereza la Kamiti limekwenda mbali zaidi. Huko wafungwa na askari wamesomea pamoja shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London, kwa masafa. Faida yake si ya cheti tu. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilifuta ulazima wa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji, na miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa katika kupanga adhabu ikataja uwezekano wa mtu kurekebika. Hapo ripoti ya afande ina uzito. Akiandika "ana tabia njema" pekee, jaji hana cha kushika. Aeleze mtu huyu alisoma nini, alifaulu lini, na sasa anamfundisha nani.

Mafunzo ya askari katika chuo cha magereza kule Ruiru ningeyaongezea jambo moja: kalenda ya mitihani. Mtahiniwa akihamishwa gereza jingine wiki chache kabla ya karatasi ya kwanza, mwaka wake unaweza kupotea, kwa kuwa alisajiliwa kituo alichotoka. Askari anayeandaa orodha ya uhamisho angekuwa na kalenda hiyo mezani, jina hilo angeliacha mpaka mitihani iishe.