Laptopu iliyogoma kuamka haijafa: yanayosemwa Dodoma na ukweli wake

Laptopu ikilala halafu ikagoma kuamka, hukumu hutolewa haraka mno. Mwenyewe anaona kioo cheusi, anaikimbiza mjini kwa fundi, na kabla hajamaliza kueleza anaambiwa, "Dada, mazabodi imekwenda." Yaani bodi kuu ya ndani imekufa. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwenye tasnifu nusu, au mtumishi wa serikali kule Mtumba anayedaiwa ripoti kesho asubuhi, maneno hayo ni mazito. Mara nyingi pia si ya kweli. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hatua zinazofuata baada ya hukumu hiyo ndizo zinazopoteza kazi ambayo usingizi wenyewe haukuigusa.

"Kioo ni cheusi, basi mashine imekufa"

Kioo ni kitu kimoja, mashine ni kitu kingine. Laptopu inaweza kuwa macho kabisa, faili zako zikiwa wazi vilevile ulivyoziacha, ila picha tu ndiyo haijafika kwenye kioo. Kabla ya lolote, bonyeza Caps Lock uangalie taa yake ndogo. Ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mashine inakusikia. Hapo bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B. Mashine inaianzisha upya draiva ya picha, yaani programu ndogo inayoendesha picha za kwenye kioo, bila kufunga ulichokuwa ukiandika. Kwa kawaida utasikia mlio mfupi, kisha kioo kinapepesa na kurudi.

Kisiporudi, zima taa ya chumba, chukua tochi ya simu na umulike kioo kwa ubavuni. Ukiona maandishi yamefifia kwa mbali, mashine ni nzima: taa ya nyuma ya kioo imekufa au waya wake umelegea. Kama nyumbani kuna TV yenye tundu la HDMI, iunganishe. Picha ikitokea huko, nakili kazi yako kwenye flashi kwanza, ndipo uende kwa fundi kuzungumza habari ya kioo. Usikubali mazungumzo yahamie kwenye mazabodi, kwa sababu bei zake haziko karibu hata kidogo.

"Nimebonyeza vitufe vyote, haitaki"

Huenda imeshavuka usingizi wa kawaida. Katika usingizi huo kazi yako inabaki kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, nayo RAM lazima iendelee kupata umeme kidogo, ndiyo maana kugusa kibodi mara nyingi kunatosha kuiamsha. Kuna ngazi nyingine ambayo Windows huiita hibernate: yaliyomo kwenye RAM yanaandikwa kwenye diski, kisha mashine inazimika kabisa. Laptopu nyingi huhamia huko zenyewe zikilala muda mrefu au betri ikikaribia kuisha. Zikiwa huko, kibodi na mausi hata uvigonge mpaka jioni havitaamsha kitu. Chomeka chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, kiachie, usubiri. Laptopu yenye diski ya zamani ya kuzunguka inaweza kuchukua dakika nzima na zaidi, na wengi hukata tamaa papo hapo, wakakishikilia kitufe na kuizima katikati ya kuamka.

Malalamiko ya "imefuta kazi yangu yenyewe" mara nyingi yanatoka hapohapo. Laptopu nyingi tunazonunua zimeshatumika kwingine, betri zake zimechoka, na zinaishi kwa chaja tu. Ikilala usiku na umeme ukakatika kabla haijaandika chochote kwenye diski, kilichokuwa kwenye RAM kinapotea saa ileile. Asubuhi inawaka upya kana kwamba hukuwahi kufungua faili. Mwenye laptopu ya namna hiyo asiilaze hata kwa nusu saa. Ahifadhi kazi, kisha aizime au aipeleke hibernate.

"Kufunga kifuniko ni sawa na kuzima"

Dhana hii ndiyo ningeanza kuiondoa kama ningepewa moja tu. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, watu wengi wanafanya kazi njiani. Wakikaribia stesheni wanafunga kifuniko, laptopu inaingia begini, wanapanda bodaboda. Wakifika mtaa wa Kisasa begi lina joto na betri imekwisha.

Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hazina tena ule usingizi mzito wa zamani. Zina usingizi mwepesi uitwao Modern Standby, unaoiacha mashine nusu macho kama simu, ili iendelee kupokea barua pepe na masasisho. Programu moja au draiva moja ikikataa kutulia, joto linajaa ndani ya begi lisilo na hewa. Likizidi, mashine hujizima ili kujilinda, na wewe ukifungua unasema imegoma kuamka.

Kujua ya kwako ni ya namna gani, fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, uandike powercfg /a. Ikikutajia S0 kwenye aina zinazopatikana, ni usingizi mwepesi. S3 ni ule wa zamani. Kwa wenye S0, powercfg /sleepstudy, ikiandikwa kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kwa haki za msimamizi (Run as administrator), inatengeneza ripoti ya nini kilikuwa kinakula betri wakati mashine imelala. Kisha nenda Control Panel, kwenye Power Options, uchague kwamba kifuniko kikifungwa mashine iende hibernate. Chaguo hilo lisipoonekana, fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi uandike powercfg /hibernate on. Itachelewa kidogo kuamka, lakini itafika salama.

"Ukishikilia kitufe cha kuwashia unaua diski"

Hapana. Unapoteza ambacho hukuhifadhi, na mara chache faili iliyokuwa inaandikwa wakati huohuo inaweza kuharibika, kwa hiyo isiwe desturi. Lakini kama yote ya juu yameshindikana, shikilia sekunde 10 hadi 15 mpaka izime. Chomoa chaja, flashi na kila kilichochomekwa. Kama betri inatoka, itoe. Shikilia kitufe tena sekunde 30 ili chaji iliyobaki ndani iishe, rudisha umeme, uwashe.

"Dawa ni kupiga windo"

Hapa ndipo tasnifu zinapozikwa. Fundi anapiga windo, yaani anaweka Windows upya, diski inafutwa, laptopu inawaka vizuri, mteja analipa. Wiki mbili baadaye inagoma tena, kwa sababu chanzo kilikuwa draiva ya picha au ya chipseti (chipu zinazoratibu kazi za mazabodi) isiyoelewana na usingizi, na windo mpya imekuja na draiva ileile. Dawa ni kwenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, kutafuta modeli yako kamili, na kuchukua draiva za picha, za chipseti na BIOS mpya, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows. BIOS usiiguse kabla betri haijajaa na chaja haijachomekwa: umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo kwenye laptopu isiyo na betri nzuri, hapo kweli utaua mazabodi. Pia tafuta kwanza ufunguo wako wa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda diski) wenye tarakimu 48, maana mashine inaweza kukudai ukishabadilisha BIOS.

Wengine watasema, "Nimeizima nikaiwasha, bado." Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna Fast Startup, ambayo ukizima inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski na kuirudisha vilevile ukiwasha, pamoja na draiva iliyokwama. Chagua Restart. Hiyo ndiyo inayoanza upya kwa kweli.

Na kama ni lazima kupiga windo, mwambie fundi kabla hajagusa chochote: "Kaka, faili zangu zitoke kwanza." Diski hutolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Fundi anayekataa kufanya hivyo bila kukupa sababu, chukua laptopu yako uondoke.

"Ni vumbi la Dodoma"

Vumbi letu la kiangazi linaziba feni na kuleta joto, na linafaa kusafishwa. Kuzuia mashine kuamka peke yake, ni nadra. Kinachosahaulika ni sumaku: laptopu hutambua kwamba imefungwa kwa kuhisi sumaku ndogo ya kwenye kifuniko. Ukiweka juu yake simu yenye kava la sumaku, au ukaipandisha juu ya laptopu nyingine, inaweza kudhani imefungwa na kulala tena kila unapoiamsha. Ondoa vitu hivyo kwanza.

Jambo moja lisisubiri jaribio lolote. Kama sehemu ya kuwekea mkono imeinuka, kipanyaguso hakibonyeki, au laptopu inayumba ukiiweka mezani, betri imevimba. Izime, chomoa chaja, usiitoboe wala usiikandamize irudi, uipeleke kwa fundi ikiwa imezimwa.