Umeme wa lebo nyeupe: jina la mmoja, leseni ya mwingine

Nchini Uingereza, kwa nyakati mbalimbali, mtu ameweza kujiunga na huduma ya umeme na gesi ya nyumbani kupitia duka kubwa la vyakula na nguo au halmashauri ya mji wake, ilhali duka wala halmashauri hiyo haikuwa na leseni ya kuuza nishati. Utaratibu unaoliwezesha jambo hilo ni ubia wa lebo nyeupe: taasisi isiyo na leseni inafunga mkataba na kampuni yenye leseni, kisha inawatangazia wateja bei za nishati kwa jina na nembo yake yenyewe, huku muuzaji halisi mbele ya sheria akibaki kuwa ile kampuni. Sheria ya Gesi ya mwaka 1986 na Sheria ya Umeme ya mwaka 1989 zinakataza kuuza nishati bila leseni, isipokuwa kwa misamaha maalumu, na leseni zenyewe hutolewa na Ofgem, mdhibiti wa sekta hiyo.

Kazi nzito iko kwa mwenye leseni. Yeye ndiye anayenunua umeme na gesi kwenye soko la jumla, mara nyingi miezi kadhaa kabla havijatumika. Ndiye anayeandaa ankara, anayepokea malipo na kufuatilia madeni. Na kwa kuwa hesabu za soko la umeme hufungwa kila nusu saa, wateja wake wakitumia zaidi au pungufu ya alichonunua kwa nusu saa fulani, tofauti hiyo inaingia kwenye vitabu vyake. Mwenye jina hutafuta wateja, na kwa kawaida hulipwa kamisheni kwa kila anayejiunga. Wapo pia wanaochukua sehemu ya kazi ya kupokea simu za wateja, lakini hilo hutegemea mkataba.

Kampuni ya nishati hukubali kugawana faida kwa sababu kumpata mteja mpya ni gharama, na watu wengi huliamini duka wanaloingia kila wiki kuliko wanavyoziamini kampuni za umeme. M&S, maduka makubwa ya vyakula na nguo, kwa mfano, iliingia katika biashara hii mwaka 2008 kwa ubia na kampuni ya nishati ya SSE, ikawavutia wateja kwa vocha za kununulia bidhaa madukani mwake; mwaka 2018 ikahamia kwa Octopus Energy. Jina likabaki lilelile, na nyuma yake akawa muuzaji mwingine kabisa. Meya wa London naye alizindua London Power mwezi Januari 2020, kwa leseni ya Octopus hiyohiyo.

Msomaji wa Dar es Salaam asilichanganye jambo hili na kununua LUKU kwa simu. Kampuni ya simu hupokea fedha na kuleta tokeni, lakini umeme unauzwa kwa jina la TANESCO na mteja anajua hivyo. Katika lebo nyeupe, jina la muuzaji mwenye leseni mara nyingi huonekana kwa maandishi madogo tu.

Maandishi hayo madogo yana uzito wake, kama ilivyodhihirika Nottingham. Mwaka 2015 halmashauri ya mji huo ilianzisha kampuni yake yenye leseni, Robin Hood Energy, na halmashauri nyingine zikaona afadhali kuegemea leseni hiyo kuliko kutafuta za kwao: Leeds ikaja na White Rose Energy, Islington na Angelic Energy, Liverpool na LECCy. Kwa halmashauri hizo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa maana hasara ya biashara haikuwa juu yao. Ilikuwa juu ya Nottingham. Mwaka 2019 Robin Hood ilichelewa kulipa mamilioni ya pauni yanayodaiwa kila mwenye leseni kwa ajili ya kugharamia nishati jadidifu, hadi halmashauri yake ikalazimika kuikopesha fedha, na Septemba 2020 ikatangazwa kwamba kampuni inafungwa na wateja wake wanahamishiwa British Gas, mojawapo ya kampuni kubwa za nishati. Waliojiunga kupitia halmashauri hizo nyingine nao walihama, ingawa huenda baadhi yao walichagua majina hayo kwa kuzikwepa kampuni kubwa za aina hiyo.

Kwa hiyo, anayefikiria kujiunga na aende kwanza kwenye masharti ya mkataba atafute jina la mwenye leseni, na ndipo alinganishe bei, pamoja na bei anazotoza mwenye leseni huyo kwa jina lake mwenyewe, kwani zinaweza kutofautiana. Bei kikomo ya Ofgem, iliyoanza tarehe 1 Januari 2019 kwa wateja wasio na mkataba wa bei isiyobadilika, haimwachi nje mteja wa lebo nyeupe. Malalamiko ya ankara yasiyomalizika ndani ya wiki nane anaweza kuyapeleka kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa migogoro ya nishati, bila malipo. Umeme ukikatika, hata hivyo, duka na mwenye leseni wote hawahusiki na nyaya: namba ya kupiga ni 105, inayomuunganisha mteja na kampuni inayomiliki nyaya za eneo lake.