Ukungu hauzoei dawa

"Ukungu wa shamba hili umeshaizoea dawa." Kauli hii hutoka kwa mkulima, hutoka kwa muuza pembejeo, na huandikwa hata kwenye vipeperushi vya ushauri. Lingekuwa kosa la lugha tu, lingeachwa lipite. Lakini anayeamini kwamba ukungu huzoea hufanya mambo matatu, karibu kila mara kwa mpangilio uleule: anaongeza kipimo, kisha anaipumzisha dawa wiki mbili tatu ili ukungu "usahau", kisha ananunua chupa yenye jina jingine. Yote matatu yangekuwa na mantiki kama shida ingekuwa mazoea.

Kinachotokea kweli huitwa usugu, na maana yake ni fupi. Usugu ni sifa ya kurithi inayouwezesha ukungu kunusurika na kuendelea kuzaana kwenye kipimo cha dawa ambacho kwa kawaida huumaliza ukungu wa spishi hiyohiyo. Basi.

Neno la kushikilia humo ni kurithi. Mtu huzoea pilipili katika maisha yake mwenyewe, na mwanawe hazaliwi ameizoea. Usugu hauendi hivyo. Spora, yaani chembe ndogo ambayo ukungu huzaana kwayo, isipokuwa na kinga ikikutana na dawa hufa au hushindwa kuota, na habari zake zinaishia hapo. Haina ilichojifunza wala haina wa kumrithisha. Iliyobaki hai ilikuwa tofauti kabla bomba halijajazwa maji. Kinachobadilika kutoka msimu hadi msimu ni uwiano ndani ya jamii nzima ya ukungu: mwanzoni sugu ni mmoja katika mabilioni, baadaye mmoja katika elfu, kisha mmoja katika kumi, na hapo ndipo mkulima anapoona madoa na kusema dawa imeisha nguvu ghafla. Hakuna kilichotokea ghafla. Asilimia moja ya sugu shambani haionekani kwa macho, na kutoka asilimia moja hadi nusu ya shamba ni mipulizo michache tu.

Tofauti hiyo hutoka wapi kabla ya dawa kufika? Hutoka kwenye kunakili DNA, maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kila seli. Kila seli inapogawanyika hunakili makumi ya mamilioni ya herufi, na kosa huingia takriban mara moja katika kila herufi bilioni moja hadi bilioni kumi zinazonakiliwa. Kwa seli moja hilo ni jambo adimu. Lakini doa moja la ubwiri unga, ukungu unaofunika majani kama unga mweupe, hutoa maelfu ya spora kwa siku, na hekta moja ya ngano iliyoambukizwa vibaya hubeba spora mabilioni kwa mabilioni. Kwa wingi huo, badiliko lolote la herufi moja linalowezekana karibu limeshatokea mahali fulani shambani, dawa iwepo isiwepo. Tena ukungu mwingi unaoshambulia mimea huishi sehemu kubwa ya maisha yake ukiwa na nakala moja tu ya kila jeni kwenye kiini, kwa hiyo badiliko halina nakala nzima ya kujificha nyuma yake. Linaonekana kwenye tabia ya seli papo hapo, na dawa inalichagua papo hapo.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo. Dawa za kundi la strobilurini, kama azoksistrobini, ziliingia sokoni mwaka 1996. Mwaka 1998 ubwiri unga wa ngano sugu kwa dawa hizo ulishapatikana kaskazini mwa Ujerumani. Dawa hizi huingia kwenye mitokondria, mitambo ya nishati ya seli, na kukaa katika kijishimo cha protini iitwayo saitokromu b, zikakata uzalishaji wa nishati. Nafasi ya 143 ya protini hiyo kuna asidi amino (tofali la kujengea protini) iitwayo glisini, ndogo kuliko zote. Herufi tatu za DNA zinazoiandika ni GGT. Herufi ya kati ikigeuka kuwa C, inasomeka GCT, na mahali pa glisini panakaa alanini, ambayo ni kubwa kidogo. Ukubwa huo mdogo unatosha kuizuia dawa isikae, na protini inaendelea kufanya kazi yake karibu kama kawaida. Badiliko hilo huandikwa G143A, na ukungu ulio nalo huhitaji dawa zaidi ya mara 100, mara nyingi mamia kadhaa, ili udhurike kama ule usio nalo. Hapa ndipo kuongeza kipimo kunapokuwa kazi bure: ukipuliza mara mbili ya kipimo cha lebo, sugu hata hashtuki, na wachache dhaifu waliokuwa wakigombea naye jani wanaondolewa.

Kuna upande wa pili wa mfano huu ambao husahaulika, nao ndio unaozika kabisa wazo la kuzoea. Kutu ya ngano imepulizwa strobilurini kwa miaka mingi, lakini G143A haijashika kwenye kutu hiyo. Sababu iko kwenye uandishi wa jeni. Kwa ukungu wa kutu, mara tu baada ya herufi zile tatu za nafasi ya 143 kuna kipande cha DNA ambacho lazima kikatwe na kuondolewa kabla protini haijatengenezwa, na mashine ya kukata huitambua sehemu hiyo kwa herufi zilizo jirani. Ukizibadili herufi, ukataji unaharibika na seli inakufa. Alternaria solani, ukungu wa bakajani tangulia kwenye nyanya na viazi, una kipande hichohicho. Wenyewe ulipitia mlango mwingine, badiliko la nafasi ya 129 liitwalo F129L, linaloupa kinga hafifu zaidi, kwa kawaida mara 5 hadi 15. Kama ukungu ungekuwa unazoea, kutu ingezoea kama wengine. Ukungu hupata usugu pale tu ambapo kosa la kunakili linaweza kutokea bila kuua.

Sasa, kwa haki, yapo makundi ya dawa ambayo usugu wake huonekana kama mazoea kweli. Triazoli, kama tebukonazoli na difenokonazoli, huzuia kimeng'enya CYP51 kinachotengeneza ergosteroli, mafuta ya ngozi ya seli ya ukungu. Hapa hakuna badiliko moja linalomaliza mambo. Badiliko la kwanza hupunguza makali ya dawa kidogo, la pili juu yake kidogo tena. Jeni ya CYP51 inaweza kuzalisha kimeng'enya kingi kuliko kawaida hadi dawa isitoshe, na pampu za kwenye ngozi ya seli zinaweza kuitema dawa nje kabla haijafika. Shambani hali hii huonekana kama dawa inayochoka polepole: miaka ya kwanza inatibu, baadaye inazuia tu, baadaye inasaidia nusu nusu. Polepole hiyo ni ngazi ya aina mpya za ukungu zinazopokezana, kila moja ikimpiku aliyeitangulia.

Kitu pekee kinachokaribia mazoea ni hizo pampu. Seli ikikutana na dawa huweza kuongeza pampu zake kwa muda, na dawa ikiondoka zinapungua. Hilo ni itikio la seli moja, halirithishwi, na peke yake halifanyi shamba kuwa sugu. Usugu huja pale swichi ya pampu inapoharibika ikabaki imewashwa. Kwa Zymoseptoria tritici, ukungu wa madoa ya majani ya ngano, kuna aina ambazo kipande cha herufi 519, mabaki ya DNA rukaji (ile inayoweza kuhama sehemu moja hadi nyingine), kimejichomeka mbele ya jeni ya pampu MFS1, na pampu inafanya kazi kwa nguvu muda wote, dawa ikiwapo au isipokuwapo. Kilichorithiwa ni kipande hicho.

Hospitalini hadithi ni ileile, ila lawama humwangukia mgonjwa kwamba hakumaliza dozi. Wapo wagonjwa waliokutwa na Aspergillus fumigatus, ukungu unaoshambulia mapafu, sugu kwa dawa za azoli, jamaa wa triazoli za shambani, ilhali hawajawahi kumeza azoli hata siku moja. Aina iliyosambaa sana, ijulikanayo kama TR34/L98H, ina herufi 34 zilizojirudia mbele ya jeni ya cyp51A, inayoandika kimeng'enya kilekile cha CYP51, pamoja na badiliko moja ndani ya jeni yenyewe. Ilionekana Uholanzi kwa wagonjwa wa mwishoni mwa miaka ya 1990, na ushahidi mwingi unaelekeza kwenye mabaki ya mimea na mboji vyenye triazoli za kilimo. Mgonjwa alivuta spora ambayo tayari ilikuwa sugu.

Kuzaana kwa jinsia nako kuna nafasi yake, ingawa hakutengenezi badiliko jipya la herufi. Kunachanganya yaliyopo: usugu wa dawa hii kutoka kwa mzazi mmoja, uwezo wa kushambulia aina mpya ya mbegu kutoka kwa mwingine. Phytophthora infestans, msababishi wa bakajani chelewa ya viazi, alikuwa nje ya Meksiko karibu wote wa aina moja ya kijinsia, A1, hadi aina ya pili inayohitajika ili wazaane kwa jinsia, A2, iliporipotiwa Uswisi mwaka 1984. Kabla ya hapo, mwaka 1980, usugu kwa metalaksili, dawa ya bakajani hiyo, ulikuwa umeshawalemea wakulima wa viazi Ireland na Uholanzi, miaka michache tu baada ya dawa kutoka. Kwa hiyo jinsia huongeza kasi, lakini si sharti.

Na kwa kuwa huyo ametajwa: Phytophthora si ukungu halisi, ni jamaa wa mwani wa kahawia, na hatengenezi steroli (jamii ya mafuta kama ergosteroli) zake mwenyewe. Ukimpulizia triazoli hafi. Huo nao si usugu. Hakuwahi kudhurika nayo tangu mwanzo, kama vile metalaksili isivyoufanya lolote ubwiri unga. Dawa nyingi "zilizozoeleka" ni za namna hii: dawa nzima, adui siye.

Nyingine ni makosa ya kupulizia. Dawa ya kukinga ikipulizwa baada ya madoa kutokeza haitafuti madoa. Nozeli iliyolika hutoa matone makubwa yanayodondoka chini, na upande wa chini wa jani unabaki mkavu. Dawa ya kaptani ikikaa kwenye maji yenye pH 8, yaani yenye alkali, huanza kuharibika ndani ya dakika chache, kabla hata hujamaliza mstari wa kwanza. Usugu hauthibitishwi kwa kuangalia shamba. Majani yenye madoa mabichi huchukuliwa sehemu mbalimbali, si pale palipoharibika zaidi tu, huwekwa kwenye mifuko ya karatasi yasioze, na maabara huotesha spora kwenye viwango vinavyopanda vya dawa. Ubwiri na kutu haviwezi kuoteshwa kwenye sahani ya agari (chakula cha maabara cha kuoteshea ukungu), huhitaji vipande vya jani hai. Kiwango kinachopunguza ukuaji kwa nusu hulinganishwa na kile cha ukungu uliokusanywa kabla dawa haijaanza kutumika. G143A hupimwa haraka zaidi, kwa kusoma DNA moja kwa moja.

Kupumzisha dawa? Wiki mbili ni vizazi viwili vitatu vya ubwiri unga, na sugu hana sababu ya kupungua isipokuwa usugu wenyewe unamgharimu kitu. Wakati mwingine unamgharimu. Ukungu wa kijivu, Botrytis cinerea, sugu kwa kundi la dawa liitwalo dikaboksimidi hupungua dawa inapoachwa. Ule sugu kwa kundi jingine, benzimidazoli, unaweza kudumu miaka mingi bila kuguswa na dawa. Inategemea badiliko, haitegemei kumbukumbu.

Linabaki jambo la chupa yenye jina jingine. FRAC, kamati ya wataalamu wa kampuni za viuatilifu iliyoundwa mwaka 1981, hugawa dawa za ukungu kwa namba kufuatana na mahali zinapopiga. Azoksistrobini, trifloksistrobini na piraklostrobini zote ni 11, na famoksadoni nayo ni 11 ingawa si strobilurini. Zote hukaa kwenye kijishimo kilekile, kwa hiyo G143A huzishinda zote kwa pamoja. Huo ndio usugu mtambuka. Triazoli ni 3, metalaksili ni 4, dawa kama boskalidi ni 7. Zenye herufi M, kama shaba M01, salfa M02 na mankozebu M03, hupiga sehemu nyingi za seli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana shaba iliyoanza kupulizwa kwenye mizabibu ya Ufaransa miaka ya 1880 bado inafanya kazi. Mchanganyiko wa metalaksili na mankozebu ni 4 pamoja na M03, lakini pale ambapo sugu wa 4 wameshatawala, unalipia mbili na inafanya kazi moja.

Aliyetoka azoksistrobini akaenda trifloksistrobini, basi, bado yuko 11. Si vibaya kuendelea kusema "nimebadilisha dawa", mradi namba iliyo kwenye lebo nayo imebadilika. Na anayetaka msaada wa maana dukani aseme hivi: ukungu wangu umeshakuwa sugu kwa 11, nipe 7 ya kuchanganya na M02. Ni maneno mengi kidogo, lakini muuzaji atajua chupa zipi aziache kabatini.