Tone Lenye Pembe Tatu: Jinsi Umbo la Kipigo Linavyoongoza Mtiririko

Kiini cha dhahabu kina protoni 79 na neutroni 118. Mwaka 2014, katika maabara ya Brookhaven iliyoko Long Island, jimbo la New York nchini Marekani, wanafizikia walikigonganisha na kitu kidogo mno kwake: kiini cha heliamu-3, chenye protoni mbili na neutroni moja tu. Mwaka uliofuata wakatumia protoni moja peke yake. Mwaka 2016 ikawa zamu ya dutroni, yaani protoni moja na neutroni moja zilizoshikana. Dhahabu ni ileile, nishati ya kila jozi ya chembe zinazogongana ni ileile, na pete ya kuzungushia chembe, yenye mzingo wa kilomita 3.8, ni ileile. Walichobadilisha ni umbo la kipigo, yaani kile kiini kidogo kinachoipiga dhahabu.

Protoni moja ikipiga huacha doa moja la joto, karibu duara. Dutroni huacha madoa mawili jirani, na yakiungana tunapata umbo refu kama yai. Heliamu-3 huacha matatu, na hapo mara nyingi hutokea pembetatu. Doa hilo, ambalo pia huitwa tone, lina joto la matrilioni ya digrii, kiasi kwamba protoni na neutroni huyeyuka zikabaki kwaki, chembe ndogo zinazoziunda, na gluoni, zinazozishikanisha kwaki hizo. Uhai wake ni mfupi mno: halidumu hata kwa muda ambao mwanga hutumia kuvuka atomu moja.

Umbo la kitu kinachotoweka upesi hivyo tunalijuaje? Fikiria tuta la viazi vitamu, refu na jembamba. Ukilimwagia maji juu, mengi yatateremka ubavuni, machache yataelekea kwenye ncha, kwa sababu ubavuni ndiko kwenye mteremko mkali. Ndani ya tone la kwaki na gluoni, shinikizo ni kubwa katikati na hupungua hadi sifuri ukingoni. Upande mfupi hupungua ghafla, kwa hiyo chembe husukumwa kwa nguvu zaidi upande huo. Tone lenye umbo la yai hutoa chembe nyingi katika pande mbili zinazoelekeana. Lenye umbo la pembetatu huzitoa kupitia pande zake tatu bapa. Vigunduzi vilivyozunguka eneo la mgongano huandika pembe ya kila chembe, na baada ya migongano mingi sana mpangilio huo, unaoitwa mtiririko, hujitokeza wazi.

Lakini hayo yote yanategemea jambo moja: chembe lazima zisukumane. Kama kila moja ingeruka zake bila kuigusa nyingine, umbo la mwanzo lisingeacha alama. Ndiyo maana mtiririko una uzito mkubwa kwetu. Ni dalili kwamba tone linatenda kama kimiminika.

Kwa viini vikubwa jambo hili lilitangazwa mwaka 2005, pale migongano ya dhahabu kwa dhahabu ilipoonyesha kimiminika chenye mnato mdogo ajabu. Migongano midogo, kama ile ya protoni, ilichukuliwa kuwa kipimo cha kulinganishia tu. Hakuna aliyetarajia kimiminika humo. Kisha mwaka 2010, kigunduzi cha CMS huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko karibu na Geneva, Uswisi, kikaona chembe zilizojipanga kwa namna inayofanana na mtiririko katika migongano ya protoni kwa protoni. Ubishi ukaanza. Wapo waliosema mpangilio huo ni wa gluoni zenyewe, ulikuwepo hata kabla ya tone kuzaliwa.

Maumbo matatu ya Brookhaven yalikuja kupima hoja hiyo. Matokeo ya PHENIX, moja ya makundi ya watafiti huko Brookhaven, yaliyochapishwa mwishoni mwa 2018, yalionyesha mtiririko wa umbo la yai ukiwa mdogo kwa protoni na mkubwa zaidi kwa dutroni na heliamu-3, huku ule wa pembetatu ukiwa mkubwa zaidi kwa heliamu-3. Ndivyo hesabu za vimiminika zilivyokuwa zimetabiri.

Kundi jirani la STAR lilipopima, likakuta mtiririko wa pembetatu unakaribiana katika mifumo yote mitatu. Makundi hayo yalilinganisha chembe kutoka maeneo tofauti ya mgongano, na hilo lina athari yake. Pia protoni si mpira laini: ndani yake kuna vinundu vya kwaki na gluoni vinavyobadilika kila mara, navyo vinaweza kuchora pembetatu hata pale tulipotegemea duara. Kwa maoni yangu tofauti hii haivunji hoja ya kimiminika, maana kuhusu umbo la yai makundi yote mawili yanaona protoni ikiwa nyuma ya wenzake. Inatulazimu tu kuichora protoni kwa uangalifu zaidi.

Julai 2025 CERN iligonganisha oksijeni kwa oksijeni, kisha neoni kwa neoni. Kiini cha oksijeni kinakaribia duara. Cha neoni kimerefuka, kinene upande mmoja kama kibuyu. Viini vilipogongana uso kwa uso, neoni ilitoa mtiririko wa umbo la yai mkubwa kuliko oksijeni, kama ilivyotabiriwa. Sasa wanaochunguza maumbo ya viini vya atomu wanayasoma kutokana na namna chembe zinavyotawanyika baada ya viini hivyo kuvunjika.