Anayefagia zahanati badala ya kwenda Isanga

Mtu aliyekamatwa kwa kuiba kuku wa jirani akionekana anafagia uwanja wa zahanati badala ya kuwa gereza la Isanga, mtaa mzima unajua kahonga. Mimi ni afisa probesheni hapa Dodoma, msimamizi wa wanaotumikia adhabu nje ya gereza, na swali la kama kahonga hunifuata hadi msibani. Hajahonga. Anatumikia adhabu ya mahakama.

Sheria zenyewe ni mbili. Ile ya Uangalizi wa Wahalifu, Sura ya 247, tuliirithi kwa mkoloni: hakimu hamfungi mkosaji, anamweka chini ya uangalizi wetu huku akiishi kwake. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 ndiyo ya huyo mwenye fagio. Kifungo kinachomstahili kikiwa hakizidi miaka 3, na mwenyewe akiridhia, mahakama inaweza kumpa kazi za jamii bila malipo. Akimaliza zamu yake anarudi gengeni au shambani, watoto wanakula. Parole, yaani mfungwa kuachiwa kwa masharti kabla ya kumaliza kifungo, ni habari nyingine kabisa, ni ya aliyekwisha kukaa gerezani, na ina bodi zake. Msamaha wa Rais wa tarehe 9 Desemba nao usiuchanganye humu.

Kabla hakimu hajaamua, huagiza ripoti ya uchunguzi wa kijamii. Hapo ndipo viatu vyangu vinapoisha. Naonana na mtendaji wa mtaa, mjumbe, ndugu, na aliyeibiwa, ambaye wengi humsahau. Kama anaapa kwamba akimwona kijana yule mtaani patachimbika, siwezi kumwandikia hakimu kuwa mazingira yanaruhusu. Na kijana aliyekuja juzi kuuza maji stendi, halali mahali pamoja siku mbili, nitamtafuta wapi akitoroka? Ripoti iliyoandikwa kwa simu tu haiyaoni haya.

Hukumu ikishatoka, anayemwona mkosaji kila siku si mimi. Ni msimamizi wa kituo: mwalimu, muuguzi, ofisa wa kata, mwenye kazi zake tele na asiyelipwa chochote kwa hii ya kwetu. Silaha yake ni daftari la mahudhurio. Nikilifungua nikakuta saini za mwezi mzima zimepigwa kwa peni moja, mwandiko haujatikisika, hata Jumapili shule ikiwa imefungwa mtu "kaingia saa 2", naelewa kilichotokea. Simlaumu sana mwalimu. Ana darasa la watoto wanaobanana na hakuna aliyemweleza vizuri daftari lile lina uzito gani mahakamani, maana anayekiuka amri hurudishwa kwa hakimu na anaweza kuishia ndani.

Halafu kuna mvua. Kanda yetu ina msimu mmoja tu, na Desemba hadi Januari kila mtu yuko shambani anapanda mtama na uwele. Utoro huongezeka wakati huo. Mara nyingi si ukaidi, ni njaa ya mwakani inayomkimbiza. Nikikubaliana mapema na msimamizi, zamu ikaanza alfajiri, wengi huja.

Tangu Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman imkabidhi Rais ripoti yake Julai 2023, maboresho yanazungumzwa kila semina. Wapo wanaotamani mitambo ya kuwafuatilia wakosaji, na wapo wanaotaka kampuni binafsi zipewe kazi. Hao wa pili nawaelekeza Uingereza. Mwaka 2014 serikali ya kule ilivunja taasisi 35 za probesheni, wakosaji wa hatari ndogo na ya kati wakakabidhiwa kampuni 21 zilizolipwa kwa sehemu kulingana na matokeo. Baadhi ya wakosaji wakawa wanasimamiwa kwa kupigiwa simu. Juni 2021 kazi ya kuwasimamia ilirudi serikalini.

Ningeulizwa bajeti ianzie wapi, ningesema mafuta ya pikipiki ya kufika wilaya za Bahi na Chamwino bila kutoa taarifa, na posho ya msimamizi wa kituo pamoja na barua rasmi ya kumteua. Mitambo ije baadaye.